Nani Mwenye Haki ya Kusema "Ni Mapenzi ya Mungu"?

Mwanafunzi wa chuo aliyetoka Sibwesa akipatwa na shida, hakosi wa kumweleza sababu yake. Mjomba atapiga simu kutoka kijijini, akiwa amepanda kichuguu ili mtandao ushike, amwambie kwamba Mungu ana makusudi yake. Mwenzake wa chumbani atamuuliza kama kuna ndugu aliyenuna siku alipochaguliwa kwenda Dodoma. Mhubiri wa mkesha atamwambia ana kifungo cha ukoo kinachotakiwa kukatwa. Afisa wa mikopo, akimwona amesimama dirishani kwa wiki ya tatu, naye atamsihi avumilie, kwani Mungu ni mwema. Wanne hao wameshamaliza maelezo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza amekula nini.

Sibwesa ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Riziki ya huko ni shamba. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na hapo ndipo kalenda ya shamba inapogongana na kalenda ya chuo. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba na Novemba, wakati mavuno ya katikati ya mwaka yameshauzwa na kila shilingi iliyobaki inatakiwa kwenye mbegu, mbolea na vibarua. Shida ikimkuta mwanafunzi mwezi Julai, baba anaweza kuuza magunia mawili ya mpunga. Ikimkuta Novemba, hakuna cha kuuza isipokuwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe mara nyingi ni wa ukoo mzima.

Ndiyo maana mkopo wa serikali una uzito wa pekee kwa watoto wa huko. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Pesa yake ya kujikimu, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku hadi ilipopandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022. Kwa mtoto wa mjini anayelala kwao, bumu ni nyongeza. Kwa mtoto wa Sibwesa ndiyo chakula, ndiyo chumba, ndiyo kutoa kopi, na mara nyingine ndiyo dawa ya bibi inayotumwa kwa simu. Likichelewa wiki mbili, mtu anaanza kupiga pasi ndefu: chai na maandazi saa nne asubuhi, kisha hakuna kitu hadi ugali wa usiku. Zikifika wiki tatu anapiga deshi, mlo unarukwa kabisa. Vijana wanayasema haya huku wanacheka, na wakubwa wakikisikia kicheko wanadhani mambo si mabaya sana.

Kuna swali la kidini humo ndani, na ni finyu kuliko lile kubwa la kwa nini Mungu anaruhusu mabaya. Hilo kubwa limewatoa jasho wenye akili tangu zamani, na hakuna dalili kwamba wataacha kutoka jasho. Swali lenyewe ni hili: balaa isiyotarajiwa ikimwangukia kijana, nani mwenye haki ya kutamka kwamba Mungu ndiye aliyeipanga?

Jumamosi ya tarehe 28 Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka chuoni ndani ya saa 24. Hawakuwa wamegoma wao. Masomo yalikuwa yamesimama kwa sababu wahadhiri walikuwa na mgogoro wa malipo yao. Wengine hawakuwa na nauli, wakalala stendi na mabegi yao. Siku chache baadaye, tarehe 2 Juni, Rais John Magufuli alipozungumza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, neno vilaza, yaani wazito wa akili, likawaangukia. Baadaye serikali iliwapanga wengi wao katika vyuo vya ualimu; wengine, walioonekana hawana sifa za kutosha, hawakurudishwa kwenye programu hiyo kabisa.

Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1943 akiwa na miaka 34, alitenganisha maumivu ya kawaida na dhiki inayomshusha mtu hadhi mbele ya wenzake. Maumivu, alisema, mtu anaweza kuyabeba; ile ya pili inaingia rohoni na kumfanya aliyeumizwa ajione mchafu, kana kwamba kosa ni lake. Kulala stendi ni maumivu. Kurudi kijijini baada ya taifa zima kusikia unaitwa kilaza, ukapita mbele ya watu walewale waliokuchangia nauli ya kwenda, ni hiyo nyingine. Kijana wa namna hiyo akiambiwa kwamba Mungu ndiye aliyepanga, anaongezewa mshtaki wa tatu, baada ya chuo na serikali, na huyu hana mahali pa kukatiwa rufaa.

Yule mwenzake wa chumbani aliyeuliza habari za ndugu mwenye wivu asichekwe haraka. Mwaka 1937 Edward Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake juu ya Wazande, na humo mfano unaokumbukwa zaidi ni wa ghala lililoanguka na kuwajeruhi waliokaa chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walijua pia kwamba watu walikaa pale kukwepa jua. Walichotaka kueleza kwa uchawi ni kukutana kwa mambo mawili: kwa nini ghala hili, kwa nini saa hii, kwa nini juu ya hawa. Mwanafunzi aliyepata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, mwaka ambao baba yake amekufa na bumu limekwama naye anajua sababu ya kila moja. Kinachomkosesha usingizi ni kwa nini zimekuja pamoja. Mtu mwenye swali hilo hajakosa elimu. Kinachomwumiza ni aina ya majibu anayopewa, hasa yale yanayoelekeza kidole kwa shangazi asiye na hatia, au yanayomtaka atoe sadaka ya ukombozi kutoka kwenye pesa ya chakula.

Kitabu cha Ayubu kina watu wa kutoa majibu ya namna hiyo. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa watu wa maana. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Kila mmoja alikuwa na nadharia, na nadharia zote ziliishia mahali pamoja: Ayubu lazima alifanya kitu. Jambo ambalo mahubiri mengi huliruka ni kwamba mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia waliomtetea, na kumwambia mmoja wao kwamba hawakusema sawasawa juu yake kama Ayubu alivyosema. Ayubu ndiye aliyekuwa amelalamika.

Tukirudi Katavi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika wilaya hiyohiyo ya Sibwesa, kuna Karema, na Karema ilikuwa na mtu ambaye maisha yake yanalifanya swali hili kuwa gumu kidogo. Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, jirani na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akauzwa. Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, walimnunua huko Algeria ili kumkomboa. Mwaka 1881 Charles Lavigerie, baadaye kardinali, alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika kusomea utabibu. Alimaliza mwaka 1888, akapanda meli hadi Zanzibar, akaingia bara kwa miguu na msafara, na mwanzoni mwa 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena kurudi kwao. Aliwatibu watu wa mwambao ule, akaoa hapo, akazaa mtoto aliyekuja kuwa padri, na akafia hapo mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi. Hospitali ya Dr. Atiman mjini Sumbawanga ina jina lake.

Huyu ni mwanafunzi wa chuo aliyekutana na yasiyotarajiwa kuliko wote wanaolalamika leo. Hakupoteza bumu, alipoteza mama. Hata hivyo, mtu akiyatazama maisha hayo kutokea mwisho, kishawishi cha kusema kwamba Mungu alipanga ni kikubwa mno: bila kutekwa kusingekuwa na Malta, bila Malta kusingekuwa na daktari Karema. Atiman mwenyewe alikuwa katekista, na maisha yake aliyaandika. Simulizi lake lilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kama alitaka kuuona mkono wa Mungu katika njia ile ya jangwani, nani angemzuia? Lakini jaribu kuyaweka maneno hayohayo kinywani mwa mtekaji. Jaribu kumsikia mfanyabiashara wa watumwa akisema kwamba yeye alikuwa anampeleka kijana chuoni. Maneno ni yaleyale, na yamekuwa matusi.

Lavigerie alilielewa hilo. Alikuwa kardinali, kuamini kwamba Mungu huongoza historia ilikuwa kazi yake ya kila siku. Mwaka uleule Atiman alipomaliza masomo, Julai 1888, alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice, Paris, kisha akaenda London na Brussels, akiushtaki utumwa kuwa uhalifu unaopaswa kukomeshwa na watu. Hakungoja kuona kama Mungu angetoa madaktari wengine kwa njia hiyo.

Kisa cha Yusufu, ambacho Wakristo wanacho katika Mwanzo na Waislamu katika sura inayobeba jina lake, kinalipanga jambo hili vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote. Ndugu zake walimtupa kisimani, akauzwa, akafungwa. Miaka mingi baadaye, akiwa na mamlaka Misri, Yusufu anausema wema ambao Mungu aliutoa katika yale yote. Anausema yeye. Ndugu zake hawathubutu. Wao wanakiri tu kwamba walikosa. Wangetangulia kusema kwamba kisima kilikuwa mpango wa Mungu, msomaji angefunga kitabu kwa hasira.

Mfano mwingine unahusu daftari. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, alikuwa mwanafunzi kijana akirudi nyumbani kutoka masomoni Jurjan pale msafara ulipovamiwa na wanyang'anyi. Inasimuliwa kwamba aliwafuata nyuma akiwasihi wamrudishie kitu kimoja tu: notsi zake, ambazo kwao hazikuwa na faida yoyote. Mkuu wa wanyang'anyi akacheka. Akamuuliza ni elimu gani hiyo anayodai kuwa nayo, ambayo mwizi akichukua mkoba imekwisha. Akamrudishia. Ghazali alifika Tus, akakaa miaka mitatu akihifadhi kichwani kila alichokuwa amekiandika. Baadaye alisema kwamba Mungu ndiye aliyemtamkisha mtu yule ili amwongoze.

Leo kuna wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao laptopu imeibwa hosteli wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti ya utafiti, na ndani yake ndimo ripoti ilimo yote. Wakitaka kulisoma tukio hilo kama Ghazali alivyolisoma lake, ni haki yao, na huenda likawafaa. Lakini msimamizi akimjibu mwanafunzi huyo kwamba Mungu anamfundisha kutunza kazi zake, amejivika joho lisilo lake. Ghazali aliambiwa maneno ya hekima na mnyang'anyi. Kuyafanya somo kulikuwa juu ya Ghazali. Mnyang'anyi alibaki mnyang'anyi, na tena mwenye dharau.

Msomi wa dini anaweza kupinga hapa: je, Mungu si mtawala wa yote, yakiwemo matendo ya mwizi na ya karani? Ni kweli, mapokeo makubwa yanafundisha hivyo, na hakuna hata moja linalomwachilia karani. Thomas wa Akwino, ambaye Wakatoliki humfuata, alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia visababishi vingine, na visababishi hivyo ni vya kweli, vina kazi yao na lawama yao. Waashari, ambao Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafi kuanzia Lamu hadi Kigoma wamelelewa katika mafundisho yao, husema Mungu huliumba tendo na mwanadamu hulichuma. Kwa kulichuma, linakuwa juu yake. Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwizi aliyeletwa mbele ya Khalifa Umar akajitetea kwamba aliiba kwa kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba na adhabu yake nayo ni kwa kadari hiyohiyo.

Umar huyohuyo, mnamo mwaka 639, alikuwa njiani kuelekea Sham, upande wa Syria, aliposikia kwamba kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubaida, kamanda wake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kuelekea kadari nyingine ya Mungu. Jibu hilo linahitajika hata pale ambapo hakuna wa kulaumiwa. Vyuo vya Tanzania vilipofungwa tarehe 18 Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi tarehe 1 Juni, hakuna afisa aliyekuwa amekitengeneza kile kirusi. Kijana aliyerudi Sibwesa akasaidia kuvuna mpunga, na jioni akafungua notsi kwa mwanga wa simu, hakuwa na wa kumshtaki. Kwake kusema "ni mapenzi ya Mungu" kulikuwa sahihi kabisa. Kazi aliifanya vilevile.

Tatizo ni kwamba shida nyingi za chuo si za namna ya korona. Mwaka 2010 Tanzania iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka Burundi na watoto wao, waliokaa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika. Vyeti vyenyewe vilikwama hadi Oktoba 2014. Kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati uamuzi ulipofikiwa alikuwa na 22 cheti kilipoanza kutolewa. Miaka minne hiyo inatosha shahada nzima. Ilipotea katika mjadala wa serikali kuhusu mahali watu hao watakapokaa, na mjadala huo una majina ya ofisi, mihuri na tarehe. Ni vigumu kuona Mungu aingizwe wapi.

Na kuna shida ndogo, ya karatasi moja, ambayo Sibwesa inaijua pengine kuliko zote. Mwombaji wa mkopo aliyefiwa na mzazi hupewa kipaumbele kama yatima, lakini lazima alete cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Karatasi nyingine pia zitapita kwa serikali ya kijiji na kwa kamishna wa viapo. Sasa mzazi aliyefia nyumbani, akazikwa siku ya pili nyuma ya shamba, hana cheti. Mazungumzo katika ofisi ya kijiji, kwa kijana yeyote aliye katika hali hiyo, huenda hivi.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba, mwanangu. Mzee tulimzika lini vile?"

"Mwaka juzi, masika."

"Alifia hospitali?"

"Hapana. Nyumbani."

"Basi hapo pana kazi. Kaa."

Mtendaji alikuwepo kwenye mazishi hayo. Labda alishika koleo. Mwanakijiji yeyote anaweza kuapa kwamba mzee amekufa, na bado kwenye mfumo wa mkopo mzee anaishi na analipa ada. Kijana atapanda gari hadi Mpanda, arudi, aende tena. Dirisha la maombi litafungwa. Atapangiwa mkopo mdogo au akose kabisa, na Novemba atakuwa Dodoma akipiga pasi ndefu. Mjomba atapanda kichuguu ampigie kwamba Mungu ana makusudi yake. Mjomba hana ubaya; yeye naye amefiwa. Lakini sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na kwa siku zote hizo hakuna aliyeiambia familia.

Hapa ndipo misikiti na makanisa, ambayo yana maneno mengi juu ya mapenzi ya Mungu, yana nafasi isiyohitaji mahubiri. Chuoni vijana wameshaliona: TMCS ya Wakatoliki, CASFETA ya Wapentekoste, jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu, zote zina desturi ya kuchangishana mwenzao anapofiwa au anapokwama ada, na mara nyingi pesa inafika kabla ya maelezo. Kijijini muundo upo tayari. Katekista au imamu ndiye anayejua kifo kabla ya ofisi yoyote, kwa sababu anaitwa kuzika. Parokia huandika waliofariki katika daftari lake. Anayeandika jina hilo anaweza palepale kumwita mkubwa wa familia pembeni, amtajie zile siku 30, na kumpeleka kwa mtendaji kabla matanga hayajaanuliwa. Nauli ya kwenda Mpanda kusajili kifo ingetolewa kwenye rambirambi zilezile, kabla hazijanunuliwa kreti za soda.